Barua kwa Mwanangu: Mguu Utue Chini Yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinifikia juzi usiku, na video uliyoambatisha nimekwisha kuitazama mara nyingi mno. Umeandika kwamba muundi wa mguu wa kulia unakuuma kila asubuhi, kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kuanzia wiki ijayo utakimbia kwa vidole kwa sababu wenzako kambini wamekushauri uache kutua kwa kisigino. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Niliipunguza kasi video hiyo na kuitazama hatua kwa hatua. Mguu wako wa kulia unatua ukiwa umenyooka, vidole vikielekea juu, na kisigino kimelitangulia goti kwa upana wa kiganja. Kila unapotua hivyo unajifungia breki mwenyewe, na mshindo wote unapandia kwenye muundi kwa kuwa goti halijakunjika vya kutosha kuupokea. Katika mbio, ardhi huurudishia mguu nguvu inayofikia mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, na wewe unapiga maelfu ya hatua kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kukilaumu kisigino, angalia kwanza mahali mguu unapotua: utue karibu na chini ya kiuno, goti likiwa limekunjwa kidogo. Wapo wakimbiaji hodari wa mbio ndefu wanaotua kwa kisigino na wapo wanaotua kwa katikati ya wayo, na wote wameshinda.

Ukihamia kwenye vidole kwa ghafla, mzigo utakaolipunguzia goti utaubebesha shavu la mguu, ukano wa kisigino na mifupa myembamba ya wayo, ambayo haijauzoea. Pumzi huzoea mazoezi mapya mapema, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Nakuomba usifanye hivyo wiki ijayo.

Najua kwamba hatua hiyo ndefu hukuzaliwa nayo. Yuko mtu aliyesimama kando ya uwanja tangu ukiwa na miaka 10 akikupigia kelele, “Nyoosha hatua! Nyoosha!”, naye alikuwa akirudia tu alichofundishwa enzi zake. Hata ulipolalamika kuhusu muundi huohuo, alikujibu kwamba hakuna mbio zisizo na maumivu. Leo asingekujibu hivyo.

Hata hivyo, nawe una lako. Umekaa na maumivu majuma matatu bila kumwambia mwalimu wako wala mimi, ilhali ulikuwa na nafasi ya kunitumia picha za medali. Medali hizo zilinifurahisha sana, na nimewaonyesha watu wengi kuliko unavyodhani, lakini afadhali ningeambiwa habari za mguu kwanza.

Nimehesabu pia hatua zako. Katika sekunde 30 mguu wa kulia uligusa chini mara 39, yaani hatua 156 kwa dakika. Muundi ukishapona, jaribu kufikia 164 kwa kasi ileile ya mbio nyepesi, kwa dakika chache tu mwanzoni, kisha uongeze muda polepole. Hatua zikiwa nyingi zaidi bila kasi kuongezeka, lazima ziwe fupi, na mguu utarudi wenyewe chini yako bila wewe kuupangia namna ya kukanyaga. Usiikimbilie ile 180 inayotajwa kila mahali. Ilitokana na mwalimu wa mbio wa Marekani, Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, nao walikuwa mashindanoni, kwa kasi ya mashindano. Wewe sikiliza sauti ya nyayo zako: katika video mguu wa kulia unapiga kishindo kuliko wa kushoto. Mwili uinamie mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, wala usijikunje kiunoni kama unavyofanya ukichoka.

Viatu vyako vya zamani bado viko chini ya kitanda. Nilivigeuza jana nikaona soli ya kulia imelika kisiginoni kuliko ya kushoto, nami nilikuwa nikivifagilia kila wiki bila kuvitazama. Mdogo wako anavitaka kwa mazoezi yake, lakini nimemkataza, kwa sababu sipendi aanze kwa kukanyaga juu ya alama za mguu wako. Baba yako amekwisha kutengeneza mlango wa chumba chako, na sasa unafungika.

Jambo moja ulifanye leo, usingoje kesho. Kaa chini, upitishe kidole juu ya mfupa wa muundi kutoka juu hadi chini, ukibonyeza taratibu. Maumivu yakiwa yametapakaa kwenye sehemu ndefu, punguza mbio na umwambie mwalimu. Ukikuta sehemu moja ndogo inayouma sana ukiibonyeza, au mguu ukikuuma hata usiku ukiwa umelala, usikimbie tena hata hatua moja mpaka daktari auone, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa, na ufa hauponi kwa kubadili namna ya kukanyaga.

Niandikie jioni hii uniambie kidole kimekuta nini. Sitalala kabla ya kusoma.

Mama yako