Serikali nayo ihesabu siku zake

Mhariri, salamu kutoka huku Ngamiani, Tanga. Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi kesi ambazo serikali inashindwa, inakaa kimya weee, halafu inaibuka mahakamani kuomba iongezewe muda ikate rufaa, na majaji wanaikatalia kwasababu haijaeleza muda wote huo ilikuwa wapi. Kuna watu nawasikia wanasema mahakama inaikomoa serikali. Mimi nasema hapana, mahakama iko sawa kabisa na ikaze hapohapo.

Ukitaka kwenda Mahakama ya Rufani unatoa notisi ya kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Ukichelewa mlango haujafungwa, unaomba muda, ila uwe na sababu ya msingi. Mawakili wote wanaijua kesi ya Lyamuya Construction, ombi la mwaka 2010, imesema ueleze kipindi chote ulichochelewa, kisiwe cha kupitiliza, na uonyeshe ulikuwa unafuatilia sio umezembea. Na kwenye ile ya Bushiri Hassan mahakama ilishasema hata siku moja lazima uitolee maelezo. Siku moja jamani! Sasa mama anayeuza samaki pale Deep Sea aieleze siku yake moja, halafu ofisi yenye wanasheria na madereva na kompyuta iseme tu faili lilikuwa linasubiri maelekezo?

Tena raia akitaka kuishtaki serikali anaanza na notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, akikosea hapo anarudishwa nyumbani na hakuna anayemuuliza alikuwa anaumwa au hana nauli.

Kuna mzee namfahamu upande wa Pongwe, alishinda kesi ya fidia ya shamba dhidi ya taasisi moja ya umma. Akakaa akingoja hela, hakuna rufaa hakuna malipo, alivyoanza kusumbua alipwe ndo likaja ombi la kuongezewa muda, kwenye kiapo wameandika afisa aliyekuwa na jalada alihamishwa kituo. Basi! Lini alihamishwa, nani alilipokea jalada, miezi yote hiyo lilikuwa meza ya nani, hakuna. Na mzee hawezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate gari la ofisi maana mali ya serikali haikamatwi. Kwahiyo anayeumia na ukimya wao ni yeye peke yake, hukumu anayo mkononi na haili.

India wamelipitia hili. Mwaka 2012 idara ya posta ilichelewa siku 427, Mahakama ya Juu kule ikakataa, ikasema serikali haina muda wake tofauti na watu wengine na kisingizio cha urasimu hakifai tena kwa teknolojia iliyopo. Mwaka 2020 jimbo la Madhya Pradesh likaja na siku 663, mahakama ikatupa na ikapiga gharama rupia 25,000, hela zitoke kwa maafisa waliochelewesha. Hilo la mwisho ndo nalitaka hapa kwetu.

Najua wapo watakaosema mali ya umma itapotea kwa uzembe wa mtu mmoja. Hoja nzito, siipuuzi. Ndo maana tangu kesi ya Valambhia ya 1992 mahakama inakubali kwamba kama hukumu yenyewe ina uvunjaji wa sheria, hiyo pekee inatosha kupewa muda, na aliyekuwa anaomba pale ni Katibu Mkuu wa wizara. Mimi sipingi. Ila Lyamuya ilisema kasoro hiyo ionekane waziwazi kwenye kumbukumbu za kesi, sio mpaka wakili achimbe na kubishana nusu siku, na ukienda mahakamani sasa hivi karibu kila aliyechelewa anadai kuna kasoro ya kisheria.

Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ipo tangu 2018, kazi yake ndo hizi kesi. Taasisi ikishindwa kesi iipelekee nakala ya hukumu wiki hiyohiyo, na siku 30 zikipita bila notisi ya rufaa, afisa aliyelikalia jalada aandikwe jina na akatwe mshahara, mzee wa watu alipwe hela yake.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga