Risala ya Klabu ya Ubunifu kwa Mgeni Rasmi: Bahasha Inayoficha Maneno na Kufichua Hatari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maonyesho ya kazi za wanafunzi. Tulipoarifiwa kwamba mgeni rasmi wa mwaka huu ni mtu aliyeanza utumishi wake kwenye meza ya kuchambulia barua na kupanda hadi uongozi wa posta, tulifurahi kuliko tunavyoweza kueleza. Kazi kubwa ya klabu yetu mwaka huu inahusu meza hiyo hiyo. Kwa hiyo tunaomba utuvumilie: risala hii haitaanza na upungufu wa viti na vifaa, itaanza na bahasha.

Mgeni rasmi, bahasha ya kawaida imeundwa kwa lengo la kuficha. Ukiifungua ile ya benki au ya hospitali utakuta ndani imechapwa michirizi ya buluu au ya kijivu, ili mtu akiinyanyua mbele ya taa asiweze kusoma yaliyoandikwa. Lengo hilo ni jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 12, linakataza kuingilia kiholela mawasiliano ya mtu. Nchini Marekani, Mahakama Kuu ilisema tangu mwaka 1878 kwamba barua iliyofungwa haifunguliwi bila hati ya upekuzi, kana kwamba bado iko nyumbani kwa mwenyewe. Sisi hatutaki bahasha inayoanika siri za watu. Swali letu lilikuwa jingine: je, kuficha maneno ni lazima kuendane na kuficha kila kitu? Maneno ni ya mpokeaji peke yake. Lakini unga, waya, mafuta yanayovuja, hivyo vinamgusa kila anayeishika barua njiani, na yeye hakuulizwa.

Tuliposoma habari za mwaka 2001 ndipo swali hilo lilipotushika barabara. Mwezi Septemba na Oktoba mwaka huo, barua zenye vijidudu vya kimeta zilitumwa nchini Marekani kwa vyombo vya habari na kwa maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu 22 waliugua, na 5 kati yao walifariki. Barua ya Daschle ilifunguliwa na msaidizi wake Oktoba 15, na waliokuwa katika jengo lile wakaanza kupewa dawa haraka. Lakini barua hiyo ilikuwa imekwisha kupita katika kituo cha Brentwood jijini Washington, na kituoni kazi iliendelea hadi kilipofungwa Oktoba 21. Wafanyakazi wawili wa hapo, Joseph Curseen na Thomas Morris, walifariki dunia. Hawakufungua barua ya mtu. Walikuwa kazini. Kituo kilifunguliwa tena Desemba 2003, na sasa kinaitwa kwa majina yao.

Wengi wetu tulidhani bahasha ile ilichanika. Haikuchanika. Nyuma ilikuwa imebandikwa hata utepe. Kijidudu cha kimeta kikiwa katika hali yake ya kulala kina ukubwa wa takriban mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na vitundu vilivyomo katika karatasi ya kawaida ni vikubwa kuliko hapo. Mashine ya kuchambua barua huibana bahasha kati ya mikanda inayokwenda kasi, hewa iliyomo ndani ikatoka kwa nguvu, na unga mwembamba ukatoka nayo. Halafu mashine zilikuwa zikisafishwa kwa kupulizwa hewa ya kandamizo, jambo lililorusha vumbi tena hewani. Baadaye utaratibu huo uliachwa, wakaanza kutumia mashine za kufyonza vumbi zenye vichujio.

Mgeni rasmi, wewe unazijua kuliko sisi zile karatasi za tahadhari zinazobandikwa ukutani: barua isiyo na jina la mtumaji, stempu nyingi kupita kiasi, majina yaliyokosewa, utepe mwingi, doa la mafuta, harufu ngeni, bahasha iliyolemea upande mmoja. Ni mafunzo mazuri na yameokoa watu. Mwezi Oktoba 2018, vifurushi 16 vya mabomu vilivyotumwa kwa wanasiasa na watu wengine maarufu nchini Marekani vilikuwa na stempu tele na jina la mtumaji lililokosewa tahajia. Hakuna hata kimoja kilicholipuka. Lakini dalili hizo zote zinategemea uzembe wa mtumaji mwovu. Zile barua za maseneta mwaka 2001 zilikuwa katika bahasha za kawaida za posta zilizochapwa stempu tayari, na zilikuwa na anwani ya mtumaji: darasa la nne, Greendale School. Shule hiyo haikuwepo. Mtu aliazima jina la watoto wa shule ili barua ionekane haina hatia. Sisi wanafunzi jambo hilo lilituuma, na hatuoni aibu kusema kwamba limetusukuma kuliko sababu nyingine yoyote.

Ndiyo maana tukaamua kuunda bahasha inayosema yenyewe, bila kungoja mtumaji akosee.

Sampuli iliyo mezani mbele yako imetokana na hesabu nyepesi. Bahasha ndefu ya barua za ofisi ina kimo cha milimita 110 na urefu wa milimita 220. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili kupata sehemu tatu sawa, kimo chake ni milimita 99. Zinabaki milimita 11 ambazo siku zote zimekuwa wazi na hazina kazi. Tumezipa kazi. Kwenye ukingo wa chini, upande wa mbele, tumekata ukanda wa upana wa milimita 8 na kuuziba kwa karatasi laini inayopitisha mwanga. Juu kidogo ya ukanda huo, ndani, tumeweka safu ya vitone vya gundi vinavyoshikanisha kuta mbili za bahasha. Barua hukaa juu ya vitone na haishuki, kwa hiyo hakuna neno hata moja linaloonekana. Ila kitu cha chengachenga, kiwe unga, mchanga au fuwele, hupita kati ya vitone na kutua chini, mahali pa kuonekana. Katika mashine barua husafiri zikiwa zimesimama kwa ukingo wao mrefu, na mtikisiko wa mashine wenyewe hufanya kazi ya kuteremsha.

Nyuma ya ukanda tulitaka kuweka rangi nyeusi ili unga mweupe uonekane. Mwenzetu mmoja akauliza, na unga mweusi je? Swali hilo lilitusimamisha kwa muda mrefu, na jibu lake ndilo sehemu ya kazi hii tunayoipenda zaidi. Tumechapa miraba midogo myeupe na myeusi, kama ubao wa drafti. Rangi yoyote ikitua pale, miraba mingine itatoweka. Mchambuzi hahitaji kujua kilichomo ni nini. Anahitaji kuona kwamba mpangilio umevurugika, na jicho la binadamu ni hodari sana kwa jambo hilo. Kamera ya mashine pia inaweza, kwa kuwa tayari inasoma anwani na misimbo pau. Miraba yenyewe imechapwa kwenye karatasi inayonyonya, ili mafuta yakivuja yaiache na doa.

Sehemu nyingine za bahasha tumezitengeneza kwa karatasi iliyoshindiliwa, yenye vitundu vidogo zaidi, na gundi ya kifuniko imefika hadi pembeni kabisa. Ukichunguza bahasha nyingi utaona gundi inaishia kabla ya kona, pakabaki upenyo mdogo kila upande. Tulisaga chaki, tukaijaza katika bahasha za kawaida na katika zetu, tukazipitisha kati ya magurudumu mawili ya mpira juu ya kitambaa cheusi. Zile za kawaida ziliacha alama nyeupe kwenye kitambaa, hasa konani. Zetu ziliacha kidogo, na ukanda ukaonyesha wazi kilichomo. Hatusemi kwamba chaki ni sawa na kimeta. Chembe zake ni kubwa zaidi, na jaribio letu ni la darasani.

Walimu wetu walituhimiza tujue waliotutangulia, na katika kutafuta tulikutana na jambo lililotushangaza. Kabla ya mwaka 1840 nchini Uingereza, gharama ya barua ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya ziada. Watu wakakunja barua yenyewe, wakaandika anwani mgongoni na kuifunga kwa lakiri. Karne iliyofuata ikaja barua ya ndege, karatasi moja nyembamba inayokunjwa na kugundishwa, iliyoanza kutolewa Iraki mwaka 1933 na kukubaliwa na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1952. Juu yake iliandikwa kwamba haruhusiwi mtu kutia kitu ndani. Ilikuwa na wepesi mmoja usio wa uzito tu: mchambuzi aliyeishika alijua papo hapo kwa vidole kama kuna kitu kimeongezwa. Barua hiyo ilificha maneno na haikuweza kuficha vitu. Kwa maoni yetu, ni hasara kwamba nchi nyingi zimeacha kuitoa.

Tunajua pia kuna njia nyingine. Baada ya 2001 barua za ofisi za serikali jijini Washington zilianza kupitishwa kwenye miale ya elektroni ili kuua vijidudu, na vituo vya kuchambulia vikawekewa vifaa vinavyopima hewa. Ni njia zenye nguvu, ila ni ghali, na miale ile huifanya karatasi iwe ya njano na kuvunjika, huua mbegu za mimea na kuharibu filamu za picha. Kwenye magereza shida ni ya namna nyingine, karatasi zenyewe huloweshwa dawa za kulevya. Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani liliamua mwaka 2018 wafungwa wapewe nakala badala ya barua halisi. Bahasha yetu haina msaada huko.

Pingamizi kubwa tulilopewa, na tumepewa na wengi, ni kwamba mtu mwovu hatanunua bahasha yetu. Ni kweli. Lakini taasisi nyingi huwatumia watu bahasha za majibu zilizochapwa tayari: za ada, za bima, za fomu za kodi, za kura zinazopigwa kwa posta. Taasisi ikitoa bahasha ya ukanda, barua nyingi zinazorudi kwake zitakaguliwa kwa mtupo mmoja wa jicho, na zile chache zinazokuja kwa bahasha nyingine zitapelekwa kwenye meza ya pekee, kwa mtu mwenye glavu na muda. Bahasha ya dirisha, ambayo Americus Callahan wa Chicago aliipatia hataza mwaka 1902, haikuenea kwa amri ya serikali. Ilienea kwa sababu iliwaondolea makarani kazi ya kuandika anwani mara mbili. Yetu ina faida ya namna hiyo: ukanda ukionyesha mbegu za maua au pakiti ya kukaushia unyevu, hakuna haja ya kufunga jengo zima. Baada ya barua zile za 2001, ofisi nyingi zilihamishwa watu kwa ajili ya unga ambao haukuwa na madhara. Hofu nayo inaumiza wafanyakazi.

Na tuseme hili kwa sauti, kwa sababu wenzetu wadogo wanasikiliza: ukanda safi hauthibitishi kwamba barua ni salama. Dalili nyingine zikiwapo, usiitikise barua wala usiinuse. Iweke chini, ifunike, toka chumbani na ufunge mlango, nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha uwaite wanaohusika na ukumbuke nani alikuwa humo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunazo changamoto. Vitone vya gundi tunavipaka kwa mkono na havilingani. Karatasi iliyoshindiliwa hatuipati kwa urahisi. Na hatujawahi kuona sampuli yetu ikipita kwenye mashine halisi. Tunahofia ukanda wa chini unaweza kukwama kwenye mikanda, au kung'aa na kuichanganya kamera. Hilo haliwezi kujibiwa darasani.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu. La kwanza, utupatie nafasi ya kujaribu sampuli zetu zikiwa tupu katika mashine ya kuchambua barua, siku ambayo haitavuruga kazi. La pili, tukutane na wachambuzi wenyewe, maana sisi hatujawahi kuwauliza bahasha gani huwatia wasiwasi, na tunaamini wana majibu ambayo sisi hatukuyafikiria. La tatu, kama majaribio yakifaulu, posta ifikirie kutumia bahasha hizi kwanza kwa barua za majibu zinazorudi kwenye ofisi zake yenyewe.

Sampuli kumi na mbili zimefungwa katika kasha lililo upande wako wa kulia, pamoja na michoro na vipimo vyote. Tunaomba uzichukue, uzikunje, uzibane, na utuambie zilipo dhaifu.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Ubunifu