Wanaochora kuta za Gede wagharamie kuzitengeneza

Mhariri,

Naandika kuhusu wageni wanaokwaruza majina yao kwenye kuta za kale, hasa magofu ya mji wa kale wa Gede karibu na Watamu, pwani ya Kenya, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa. Ni laini mno. Ufunguo wa gari tu unatosha kuichimba, kisha maji ya mvua hupenya na kipande kizima hubanduka. Katika lipu hiyohiyo wenyeji wa zamani walichora vyombo vyao vya baharini. Mchoro wa namna hiyo ukishakwaruzwa, hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Wapo wanaotaka wahalifu hawa wafungwe. Kwangu mimi, jela haiuponyi ukuta. Mahakama imwamuru mkosaji alipe gharama zote za ukarabati, na fedha hizo zibaki kwenye eneo lililoharibiwa. Italia, baada ya mtalii kuchonga majina kwenye Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, mwaka 2023, ilipitisha sheria Januari 2024 yenye faini zinazofika yuro 60,000, na makusanyo yake yanaelekezwa kwenye matengenezo. Hapa kwetu, asiyeweza kulipa, wakiwemo wanafunzi wanaokuja kwa ziara za shule, apewe kazi ya kufyeka na kufagia palepale chini ya msimamizi. Mtalii wa kigeni naye alipe kabla hajapanda ndege.

Msomaji,
Malindi