Mshubiri wa mwamba wa Tororo si dawa ya kideri

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua niseme na wafugaji wenzangu wa kuku, hasa wa hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na wale wa Malaba wanaokuja kununua sokoni kwetu.

Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikianza tu kusikika mtaani, pale penye matenga ya kuku hutokea vijana na mafungu ya mshubiri, ule mmea mchungu ambao alovera ni aina yake mojawapo. Fungu moja shilingi elfu. Zamani walileta majani ya alovera ya bustanini, yale manene marefu. Siku hizi naona wanaleta mimea midogo iliyong'olewa mizima, changarawe zingali zimeshika mizizini, na mingine bado ina shina la maua mekundu. Nikamuuliza mmoja ameitoa wapi. Akanyoosha kidole juu, kwenye minara ya simu iliyo juu ya mwamba wa Tororo. "Hii ya mwamba, mama, ni kali kuliko ya nyumbani. Kuku hafi hata mmoja." Na watu walikuwa wamepanga foleni!

Kijana simlaumu sana, naye anatafuta ugali. Nawalaumu wanunuzi, maana bila pesa yao asingejisumbua kupanda kule juu na jua lote lile.

Mwamba wetu unafika mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na wageni huupanda wapige picha za mji na nchi jirani. Wachache wanajua kwamba wanapokanyaga kuna mshubiri ambao haujulikani kuota porini mahali pengine popote duniani. Si Mbale, si Busia, wala ng'ambo ya mpaka. Aliyeutangaza kwa wataalamu ni Reynolds, mjuzi wa mishubiri wa Afrika Kusini, mwaka 1953, akaupa jina la mji wetu: Aloe tororoana. Alovera asili yake ni Bara Arabu, lakini watu wameihamisha na kuipanda mpaka haina nchi isiyoijua. Ndiyo maana mkataba wa CITES, ambao Uganda imo, unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa alovera. Hiyo ipo ya kutosha. Wa kwetu uko juu ya jiwe moja.

Nao ukiuona hautakushtua. Umejibana kwenye ufa, penye udongo usiojaa kiganja, majani yana madoadoa na miiba midogo pembeni. Hutoa machipukizi ubavuni, hivyo kile unachodhani ni kichaka mara nyingi ni mama na watoto wake. Ukichimba kichaka hicho, umeondoka na ukoo mzima, tena na udongo wake. Udongo ule umekusanyika kwenye ufa vumbi kwa vumbi kwa miaka mingi. Mvua ya kwanza ikija inaosha kilichobaki, na hata mbegu ikidondoka hapo haina pa kushika. Halafu tunang'oa wakati wa maua, kwa sababu ndipo unapoonekana kwa mbali. Mmea uliong'olewa na maua yake hautaacha hata mbegu.

Sasa turudi kwa kuku. Kideri ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Sikatazi mtu kutia shubiri kwenye maji ya kuku, wengi tunafanya, na kuku wenyewe huyanywa kwa shida maana ni machungu. Lakini kuku aliyekwisha kupinda shingo hataponywa na shubiri ya mwamba wala ya bustani. Kinachosaidia ni chanjo, tena kabla ugonjwa haujaingia bandani. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa mtu mmoja, kwa hiyo mtaani kwetu tunachangishana. Mmoja anakwenda kuichukua, anairudisha ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na alfajiri, kuku wakiwa bado bandani, tunapita nyumba kwa nyumba: tone moja jichoni, unamshika mpaka apepese, unamwachia. Gharama kwa kila kuku ni ndogo kuliko ya fungu lile la elfu moja, na daktari wa mifugo atakueleza ni lini urudie.

Kuna atakayesema mbona tunasumbuliwa kwa kimmea. Majirani zetu wa Kenya walilifikia jambo hili zamani: mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Sitaki tufike kwenye amri na askari. Ningetaka viongozi wa wilaya waweke kibao pale chini njia inapoanzia, chenye picha ya mmea na maneno ya Kiswahili, Kijapadhola na Kiateso, si Kiingereza peke yake. Afisa wa misitu naye akusanye mbegu, asing'oe mizizi, aioteshe chini huku, ili siku moto wa nyasi ukipanda mwamba tuwe na akiba. Na wanaowaongoza wageni wawaambie wasitoke nje ya njia.

Kwa wanaosema alovera ni adimu: nyuma ya banda langu imejaa mpaka inanizibia mlango. Sihitaji pesa. Ulizia pale penye matenga, mwanamke mwenye mizani ya bluu, uje na kavera lako, yaani mfuko wa plastiki, nikupe chipukizi ukapande kwako. Baada ya mwaka utakuwa unakata jani moja moja, mmea unabaki.

Mfugaji wa kuku,
Tororo