Fundi, pima joto la maji ya bombani kabla hujaondoka

Mhariri,

Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi na nyayo zake zimekufa ganzi. Mwezi uliopita nilikuwa namwandalia maji ya kuosha miguu kama kila jioni. Nikafungulia bomba la moto kwenye beseni, simu ikaita, nikatoka. Niliporudi alikuwa ameshatumbukiza mguu wa kulia, ametulia, anataka kunisimulia habari za jirani. Mvuke ndio ulionishtua.

“Mama, hayakuunguzi?”

“Maji gani, mwanangu?”

Nilipoutoa ule mguu, ngozi ya juu ya vidole ilikuwa imejikunja kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Niliuweka chini ya maji ya baridi dakika 20, tukakimbilia hospitali.

Usiku ule nilipima maji ya bomba lile kwa kipimajoto cha jikoni: nyuzi 68. Kwa nyuzi 60 tu, sekunde kama tano zinatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya. Kwa 49 huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo mtu anawahi kutolewa.

Miezi michache nyuma tulikuwa tumelalamika kwamba maji ya moto yanaisha mapema. Fundi akaja, akapandisha themostati ya tangi, yaani kidhibiti joto chake, akachukua ujira wake akaenda. Kweli maji yakatosha, maana yakiwa makali unayazimua kwa maji mengi ya baridi. Lakini hakufungua bomba hata moja kuona kinachotoka.

Fundi wa pili nilimwomba ateremshe tangi zima hadi 43. Alikataa, na namshukuru. Alinieleza kuwa maji yakikaa kati ya nyuzi 20 na 45, bakteria wa lejonela huzaliana humo, na ukivuta matone yake madogo unapooga waweza kupata homa kali ya mapafu. Wazee kama Mama ndio walio hatarini zaidi. Basi akazima umeme, akafungua kifuniko cha hita, akairudisha themostati kwenye 60 kwa bisibisi. Kisha akaweka vali ya kuchanganyia maji kwenye bomba la kwenda bafuni, kitu kinachoenea kiganjani, ambacho huingiza maji ya baridi chenyewe. Aliacha maji yatiririke dakika tatu, akakinga kikombe, akapima, akakaza kidogo, akapima tena hadi ikasoma 43. Akaniita nije nisome mwenyewe.

Mafundi, naomba kikombe hicho na kipimajoto hicho viwe kazi yenu ya mwisho katika kila nyumba. Nasi wenye nyumba tusilipe kabla ya kuonyeshwa, hasa palipo na mzee au mtoto mchanga.

Mguu wa Mama bado unafungwa bendeji kila baada ya siku mbili.

Binti anayemuuguza mama yake