Kamati ya fidia hailipi kwa mfuko mtupu

Mhariri,

Kila simba anapouawa na wafugaji, lawama huwa nyingi na suala la fidia hutajwa mwishoni kabisa, kwa sentensi moja. Naomba nianzie hapo.

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inampa haki ya kulipwa, kwa bei ya soko, mtu ambaye mifugo wake wameuawa na simba, fisi au chui, mradi awe alichukua hatua za kutosha kuwalinda. Hatua hizo ni zipi hasa? Je, boma la miiba linatosha, au ni lazima uzio wa waya ambao gharama yake inazidi thamani ya mbuzi walio ndani? Sheria hiyo hiyo inaweka shilingi milioni 5 kwa kifo cha binadamu, na sijasikia anayelalamikia kiasi hicho. Lakini mbele ya kamati ya kaunti inayopitia madai ya fidia, dai la mbuzi wawili likiwekwa foleni moja na dai la roho ya mtu, hatuhitaji kuambiwa ni lipi litakalosubiri. Isitoshe, ushahidi wetu hausubiri: fisi hutafuna hata mifupa, na afisa akichelewa siku moja hukuta manyoya na damu iliyokauka.

Jimbo la Colorado, Marekani, lilitenga fedha kwanza. Wapigakura waliamua mwaka 2020 kuwarejesha mbwa mwitu (si hawa wetu wenye mabaka), na kabla ya wale kumi wa kwanza kuachiliwa Desemba 2023, sheria ilikwisha kuanzisha mfuko wa dola 350,000 kwa mwaka, huku mnyama mmoja akifidiwa hadi dola 15,000. Mfugaji wa kule anaweza kudai hata hasara ya ng'ombe waliokonda au kukosa kushika mimba kwa sababu ya usumbufu wa mbwa mwitu. Madai ya mwaka 2024 yalizidi kiasi kilichotengwa, lakini angalau upungufu ulionekana na kujadiliwa hadharani.

Sidai kwamba fedha pekee zitawaokoa simba. Mbirikani, kaunti ya Kajiado, kumekuwa na mfuko wa shirika lisilo la serikali tangu 2003, wenye wakaguzi wanaofika kwenye mzoga na kulipa sehemu ya thamani yake. Hata hivyo, ni eneo hilo hilo ambako simba sita waliuawa Mei 2023 baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja.

Ninachoomba ni Bunge litenge fungu la mifugo peke yake katika bajeti, kiasi chake kitangazwe kila mwaka kwa kila kaunti, na kanuni zieleze wazi boma linalokubalika ni la namna gani.

Mfugaji,
Kajiado Kusini