Barua kwa Zawadi: kanga wangu na chui wenu

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Rafiki yangu Zawadi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wamefungua shule, na mvua zimewahi mwaka huu. Kabla hujasoma mbele, mpe Mama shikamoo yangu, kwa sababu barua hii inamhusu yeye zaidi. Nimeamua kuandika kwa kuwa kila nikikupigia simu tunaishia kwenye habari za watu, na hili ninalotaka kukuomba nataka ulisome polepole.

Mwezi wa tatu nilikwenda Magomeni kutafuta meza ya mtumba. Nyuma ya kabati lililong'oka mlango kulikuwa na ubao uliochorwa picha, umegeuziwa ukutani. Nikaugeuza. Zawadi, alikuwa kanga. Kanga mmoja tu, mweusi mwenye vitone vyeupe, amesimama juu ya rangi ya njano kama kiini cha yai, shingo ameizungusha nyuma kama mtu aliyesikia anaitwa. Miguuni ana majani machache. Hakuna mlima, hakuna mto, hakuna kitu kingine. Muuzaji alitaka elfu hamsini, tukafika thelathini na tano, na meza sikuinunua hadi leo.

Chini kulia kuna saini kwa rangi nyeusi: Y. A. DSM.

Kila aliyekuja nyumbani alisema neno lilelile: "Ni Tingatinga hiyo," yaani picha ya ule mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake. Nikiuliza ya nani, wananishangaa. Kwao nimeshajibiwa. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuuma, na ndiyo sababu nimehangaika miezi hii yote. Mtu alikaa akachora vitone zaidi ya mia nne (nimevihesabu), akaandika herufi zake, na sisi tunamwita kwa jina la mtu mwingine.

Najua unamjua Edward Saidi Tingatinga, lakini niruhusu nirudie kidogo uone nilikokwama. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, baadaye akaja Dar. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwa rangi za mafuta za kopo juu ya hadibodi (ule ubao mwembamba wa kiwandani), akiuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuwa wakienda kununua mahitaji. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakimdhania mhalifu, akafa. Yaani kazi yake yote ni ya miaka minne tu! Waliobaki ni vijana aliowafundisha, wengi wao jamaa zake waliotoka kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Hao nao wakafundisha wengine, na hao wengine wakafundisha wengine, hadi mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika palepale Morogoro Stores. Majina ya hao wa mwanzo yameandikwa. Ila kati yao na ushirika kuna vijana wengi waliochora mwaka mmoja, miwili, wakarudi kulima au wakapata kazi ya ulinzi, na picha zao ziko kwenye kuta za watu duniani kote. Nadhani Y. A. ni mmoja wao.

Wiki mbili za mwanzo nilizipoteza kwa zile herufi tatu za mwisho. Niliisoma saini yote kama majina ya mtu: Y., A., D., S., M. Nikawa natafuta mchoraji mwenye majina matano. Siku moja baba mdogo alikuja kunijulia hali, na wewe unajua alipiga chapa barua serikalini maisha yake yote. Akavaa miwani, akasogea ukutani, akasema, "DSM si mtu, mwanangu. Ni mji." Ni kweli kabisa. Ndivyo tunavyoandika kwenye bahasha, sanduku la posta namba fulani, DSM. Kwa hiyo jina ni Y. A. peke yake, la kwake na la baba yake. Yusufu, Yahaya, Yasini, Yakobo. A. sijui nianzie wapi.

Lakini lile DSM lenyewe nimelifikiria sana. Mtu anayemuuzia jirani haandiki mji. Aliyeandika DSM alijua kanga huyu atapanda ndege au meli, na alitaka huko aendako watu wajue ametoka wapi. Jina alilifupisha, mji hakuuacha.

Nilimpelekea mtu mmoja anayeuza picha mjini, nikidhani atanisaidia. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akasema picha ni ya zamani kweli na ubao ni wenyewe, ila saini hii haina bei. Kisha akaniambia bila aibu kwamba herufi hizo zinafutika, na kwamba yeye anaye kijana wa kuandika "E. S. Tingatinga" vizuri, nisubiri nusu saa tu. Niliifunga picha yangu kwenye kitenge nikaondoka. Nilitetemeka hadi kituoni. Baadaye nimejifunza kwamba mchezo huo ni wa tangu alipofariki. Picha zenye jina lake ni nyingi kuliko mkono mmoja ungeweza kufanya kwa miaka minne. Hebu fikiri ni Y. A. wangapi wamefutwa hivyo ili jina lililokwisha kuwa kubwa liandikwe juu yao.

Tangu siku hiyo niliacha kuitazama saini nikaanza kuutazama ubao. Fundi seremala wa hapa mtaani ndiye aliyenifundisha. Hadibodi ina uso mmoja laini na mgongo wenye alama kama gunia. Ubao mzima ni futi 4 kwa 8. Ukiukata futi 2 kwa 2 unapata vipande 8 na hakibaki kitu, ndiyo maana picha nyingi za zamani ni za mraba wa kadiri hiyo. Wangu una upande mmoja ulionyooka kama ulivyotoka kiwandani, na pande tatu zenye meno ya msumeno. Maana yake ulikatwa katikati ya upande mrefu wa ubao mzima, si kwenye pembe yake. Kipande cha kwenye pembe kingekuwa na pande mbili zilizonyooka. Msumeno wenyewe ulipinda kidogo upande wa kushoto, kama nusu sentimita. Fundi alicheka, akasema aliyekata alikuwa na haraka au alishika kwa mkono mmoja. Pembe ya chini imevimba kwa unyevu. Nyuma kuna matundu mawili ya msumari na kipande cha waya wenye kutu.

Hadibodi inaniambia pia kwamba picha si ya juzi. Wachoraji wengi walihamia kitambaa kwa sababu mgeni anakikunja na kukitia kwenye begi, na ubao haukunjiki. Na huyu kanga yuko peke yake, kama walivyochora wa mwanzo, mnyama mmoja na rangi moja nyuma yake. Zile picha zilizojaa wanyama hadi hakuna nafasi ya kidole zilikuja baadaye. Lakini hilo halitoshi, maana mtu anaweza kuchora kizamani wakati wowote akitaka.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro Stores na picha yangu. Vijana walinipokea vizuri, wakaniita dada, wakanipeleka kwa mzee mmoja aliyekaa kivulini anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwekea kanga magotini. Hakugusa saini kabisa. Aliangalia jicho. Kisha akashusha kidole hadi kwenye majani, akakaa kimya muda mrefu.

"Unaona," akasema, "siku zile kijana akijifunza anapaka rangi ya nyuma, anasubiri ikauke, anatia vitone. Jina linaandikwa la mwalimu. Huyu kaandika lake. Basi alikuwa ameshaachiwa."

Neno hilo, ameshaachiwa, nililibeba hadi nyumbani. Siku ngapi alisubiri kuachiwa? Na picha ya kwanza aliyoiandika herufi zake, aliiuza au aliipeleka kwa mama yake?

Halafu mzee akanionyesha nisichokuwa nimekiona miezi yote. Majani ya miguuni yako matatu matatu. Kila fungu lina majani matatu, yote yameinamia kushoto, na la katikati ndilo fupi. Kwa kawaida mchoraji hulifanya la katikati kuwa refu, mkono wenyewe unataka hivyo. Huyu kafanya kinyume, kila fungu, mara saba. Na pembeni mwa jicho kuna kikunjo kidogo kama ndoano. "Majani haya nimeyaona," mzee akasema. "Mtu simkumbuki. Majani nimeyaona."

Nikiwa kwenye daladala narudi, pale Mwenge kwenye foleni, nami nikakumbuka wapi nimeyaona.

Zawadi, ni sebuleni kwenu. Nilipokuja Mombasa kwenye arusi yako nililala sebuleni kwenye mkeka na binamu zako, kichwa kimeelekea ukuta wenye picha ya chui. Sikupata usingizi usiku ule kwa makelele ya jikoni, nikawa namtazama yule chui kwa mwanga wa korido. Chui wa njano iliyoiva, mkia juu. Na miguuni mwake majani, mafungu mafungu, la katikati fupi. Nakumbuka niliwaza kwamba yamekatwa na mbuzi.

Huenda akili yangu inanidanganya kwa sababu nataka iwe hivyo. Ndiyo maana nakuomba uende ukaangalie wewe, bila kunihurumia.

Na hapa ndipo Mama anapoingia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa Bandari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yalikuwa hapa Dar. Nakumbuka akitusimulia jinsi walivyorudi Kenya Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, vyombo vyote kwenye lori moja. Mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Kama chui alikuwa kwenye lori lile, basi alichorwa kabla ya 1977, na Y. A. alikuwa ameshaachiwa miaka mitano au pungufu tangu Tingatinga afariki. Hapo atakuwa ametoka kwenye wale wa mwanzo kabisa, au kwa mkono wa mmoja wao. Lakini kama Baba alimnunua hukohuko baadaye, habari inageuka, kwa sababu Simon Mpata naye alihamia Nairobi na kuchora huko hadi alipofariki mwaka 1984, na picha za namna hii zikawa zinauzwa Kenya pia. Kwa hiyo muulize Mama taratibu, usimwekee jibu mdomoni. Usimwambie "alitoka Dar, sivyo?" Muulize tu chui alikujaje, umwache aseme.

Ukimaliza naye, mshushe chui mwenyewe, usimtume mtoto. Usimpanguse kwa maji wala sabuni, vumbi liache. Weka tochi ya simu pembeni kabisa, karibu na ukuta, ili mwanga upite juu ya rangi kwa ubavu; saini iliyofutwa au kupakwa juu huonekana hivyo, kama kovu. Nipigie picha jicho, majani, pembe zote nne za mbele, kisha mgeuze unipigie mgongo wote. Pima kwa utepe wa fundi cherehani. Na tafadhali, pitisha kidole kwenye kila ukingo uniambie upande upi umenyooka na upi una meno, na kama kuna mahali msumeno ulipinda. Naogopa hata kuandika ninachokiwaza kuhusu huo ukingo.

Ulisema Mama anataka picha za sebuleni zitiwe fremu mpya kabla ya Idi. Fundi asimguse chui bado. Mafundi wa fremu hukata ubao ili uingie, na wakikata, saini ndiyo inayoondoka kwanza.

Mwisho wa mwezi nikipata mshahara nitapanda basi la Mombasa, nipite Horohoro. Kanga nitakuja naye magotini, nimeshamshonea mfuko wa shuka la zamani. Tutawalaza wote wawili mezani, Mama akiwepo.

Wasalimie wote, na umbusu mtoto.

Wako,
Rehema